Hakuna Atakayekuita

Unangoja nini?

Nakuuliza wewe, mwenye hoja nzito kuliko za diwani wako. Wewe ambaye sauti yako inatikisa kijiwe kila jioni, halafu kwenye mkutano wa mtaa unakuwa bubu. Unajua kwa nini zahanati haina dawa. Unajua pesa za mikopo ya kina mama zilipotelea mfuko gani. Unajua barabara ile ingejengwaje mvua isiibebe. Unayajua yote hayo, na bado umekaa.

Unangoja kuitwa.

Unangoja mzee fulani wa chama akushike bega aseme, "Mwanangu, sasa zamu yako." Hatasema. Ana mtoto wake, ana mpwa wake, ana rafiki yake waliyesoma pamoja. Jina lako halimo kwenye orodha yake na halijawahi kuwamo.

Basi nikupe habari za mwanamke mmoja wa Brooklyn, jijini New York, ambaye wenye viti hawakumwita hata siku moja.

Jina lake Shirley Anita St. Hill, aliyezaliwa 30 Novemba 1924. Dunia inamjua kwa jina la ndoa, Shirley Chisholm. Baba yake alizaliwa Guyana, akawa kibarua kwenye kiwanda cha magunia. Mama yake alitoka Barbados. Alikuwa fundi cherehani, na alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Kipato hakikutosha, kwa hiyo Shirley na wadogo zake walipelekwa Barbados kulelewa na bibi. Huko akasoma kwenye shule ya chumba kimoja, chini ya walimu wasiocheka na mtoto mvivu. Mwaka 1934 akarudi Brooklyn, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi.

Wewe unasema huna baba mwenye jina. Yeye alikuwa naye?

Unasema huna pesa. Yeye alikuwa nazo? Vyuo viwili vya heshima, Vassar na Oberlin, vilikuwa tayari kumpokea, lakini nyumbani hapakuwa na pesa za kumlipia malazi. Akaenda Brooklyn College, chuo cha kwenda asubuhi na kurudi kwenu jioni. Akamaliza mwaka 1946 na alama za juu. Hapo chuoni mwalimu wake wa siasa, mtu asiyeona, alimshauri aingie kwenye siasa. Unajua alijibu nini? Alimkumbusha mwalimu mambo mawili: kwamba yeye ni mweusi, na kwamba ni mwanamke.

Umesikia? Hata yeye alikuwa na visingizio. Viwili. Na katika Marekani ya miaka ya 1940 vilikuwa vizito kuliko vyote ulivyonavyo wewe.

Tofauti ni kwamba yeye hakuvilalia.

Alitafuta kazi, akakataliwa mara kwa mara, maana alikuwa na umbo dogo na waajiri walimwona mtoto. Akapata kazi kwenye kituo cha kulea watoto huko Harlem. Mchana yuko na watoto wa watu, jioni yuko darasani Chuo Kikuu cha Columbia, mpaka akapata shahada ya uzamili ya elimu ya watoto wadogo. Baadaye akawa mkurugenzi wa kituo cha watoto. Na usiku? Usiku alikwenda kwenye mikutano ya tawi la chama cha Democratic mtaani kwake.

Hapo kwenye tawi nataka tukae kidogo, maana ndipo watu wengi mnapofia.

Tawi lilikuwa mali ya wazungu, hata mtaa ulipokuwa unajaa weusi. Wanawake walikuwa na kazi yao: kuchangisha pesa. Kila mwaka palikuwa na hafla na bahati nasibu, na Shirley, mwanamke mwenye shahada, alipewa kazi ya kupamba visanduku vitupu vya sigara vya kutunzia tiketi na pesa. Kupaka rangi, kubandika mapambo. Alivipamba, tena vizuri. Lakini mikono ikipamba, macho yalikuwa yanahesabu. Wanawake wanaingiza pesa zinazoendesha tawi, na wakitaka kuandaa hafla yenyewe hawapewi hata senti ya kuanzia; wakope, waombe, wajibane. Akawauliza wenzake: mbona tunakubali? Akawatia moto mpaka wakadai fungu lao mbele ya mkutano. Wazee wa tawi walipigwa na butwaa. Fungu likatoka.

Na hakukomea hapo. Alisimama akauliza kwa nini taka za mitaa ya weusi haziondolewi kama za mitaa mingine. Swali dogo hilo, la taka tu! Lakini liulize mbele ya watu, mwenye jibu akiwa amekaa pale mbele, uone ukumbi unavyonyamaza.

Wewe umeshiriki vikao vingapi bila kuuliza swali hata moja?

Umepika chai ya mkutano mara ngapi? Umepanga viti, umevaa fulana na kofia ya mgombea, umecheza ngoma kwenye vumbi, ukarudi nyumbani na kipande cha khanga. Sikukatazi kupika chai. Shirley naye alipamba visanduku. Ninachokuuliza ni hiki: wakati chai inachemka, macho yako yanahesabu nini? Unajifunza nani ana kura za upande gani, nani anaamua, daftari liko kwa nani? Au umeridhika kupewa soda?

Zaidi ya miaka 10 aliishi hivyo. Mwaka 1953 aliingia kwenye kampeni ya kumpata jaji wa kwanza mweusi Brooklyn, Lewis Flagg, wakashinda. Mwaka 1958 akagombea uongozi wa jumuiya ya siasa ya mtaani kwake dhidi ya Wesley Holder, mtu yuleyule aliyemfundisha siasa. Akashindwa. Mwaka 1960 akaungana na wengine kuanzisha klabu mpya ya kung'oa genge lililokuwa limeshika tawi la zamani, na mwaka 1962 wakang'oa kweli. Mwenzao Thomas Jones akaenda Albany, kwenye bunge la jimbo la New York. Shirley akabaki mtaani, anagonga milango.

Mwaka 1964 Jones akapata ujaji. Kiti kikawa wazi.

Sasa ndipo aliitwa? Thubutu! Wanaume wa klabu walisitasita. Basi alifanya kile ambacho wewe hujakifanya mpaka leo: alifungua mdomo akasema kiti hicho anakitaka, na anakistahili.

Anakitaka.

Lini mara ya mwisho ulisema neno hilo hadharani? Siyo "nikipewa nitashukuru." Siyo "wananchi wakiniona nafaa." Nataka!

Akaingia barabarani kwenye baridi. Mzee mmoja akamsimamisha akamuuliza kama amempikia mume wake chai ya asubuhi, kama nyumba ameiacha safi. Mama yangu, dada yangu uliyewahi kuchukua fomu Kilifi au Kigoma, swali hilo unalijua neno kwa neno. Alimjibu kwa utulivu, akaendelea na mlango unaofuata. Novemba wakahesabu: yeye zaidi ya kura 18,000, aliyemfuatia hakufika 2,000.

Huyo akawa mbunge wa jimbo la New York. Marekani ina majimbo 50, kila moja na bunge lake lenye kutunga sheria zake za shule, za kazi, za mahakama. Siyo Washington. Hakuna kamera za dunia kwenye mabunge hayo. Makao makuu ya New York ni Albany, mji mdogo wenye baridi kali, na yeye alikuwa mwanamke mweusi wa pili tu kuwahi kukaa katika bunge lile. Jioni wabunge wenzake walikwenda kunywa na kupanga mambo yao. Yeye hakualikwa sana. Akarudi chumbani hotelini na rundo la miswada, akasoma.

Akasoma!

Miaka minne, kuanzia 1965 hadi 1968. Aliwasilisha miswada 50. Iliyopita ni minane.

Hebu zitafakari hesabu hizo. Arobaini na miwili ilianguka. Wewe ukinyimwa mkopo mara moja unasema nchi hii ina wenyewe. Ukikosa kura za maoni mara moja unahama chama, unachana picha, unazima simu. Yeye alipigwa chini mara 42, na bado kesho yake alikuja na karatasi nyingine mkononi.

Na hiyo minane ilifanya nini? Hapa nitaongea taratibu, maana hapa ndipo penye kazi.

Mmoja ulihusu wafanyakazi wa ndani. Kwa sheria ya wakati ule mama anayefua, kupika na kulea watoto kwenye nyumba ya tajiri alikuwa akifukuzwa kazi leo, kesho hana chochote. Mfanyakazi wa kiwandani alikuwa na fao la kukosa ajira. Mfanyakazi wa ndani hakuwa nalo. Chisholm akaisimamia sheria ya kuwapa na wao fao hilo. Mkumbuke mama yake, yule wa Barbados aliyefanya kazi kwenye nyumba za watu. Wengine huenda walilelewa na wafanyakazi wa ndani. Aliyelelewa na mama mfanyakazi wa ndani ndiye aliyesimama.

Mwingine ulihusu walimu wa kike. Mwalimu akipata ujauzito akapumzika kazi, alipoteza haki alizokwisha kuzipata kwa miaka ya utumishi, akarudi kuanza upya kama mgeni. Sheria ikazuia hilo.

Na ule mkubwa, wa mwaka 1966, ulioanzisha mpango uitwao SEEK. Mtoto wa maskini, mweusi au wa Puerto Rico, ametoka shule mbovu, alama zake hazitoshi, lakini kichwani mna kitu. Mpango ule ulimwingiza Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ukampa pesa ya kujikimu, ukampa masomo ya kumwinua na washauri wa kumshika mkono. Chisholm hakuwa peke yake katika vita hiyo, lakini alikuwa mstari wa mbele. Mpango huo upo mpaka leo. Vizazi kwa vizazi vya vijana vimepita hapo, na wengi wao hawakuwahi kumwona huyo mama kwa macho.

Kiti kidogo. Mji mdogo. Miaka minne.

Wewe udiwani unaudharau. Unasema mimi ni mtu wa bungeni, siyo mtu wa kata. Kenya ina kaunti 47, kila moja na bunge lake tangu 2013, bunge lenye uwezo wa kutunga sheria na kupitisha bajeti ya afya na ya masoko. Wangapi wanaliona kama stendi ya kupandia basi la Nairobi? Miaka mitano inapita, mwakilishi wadi hajaleta mswada hata mmoja wa kwake. Anasubiri kiti kikubwa ndipo afanye kazi kubwa.

Kazi kubwa iko hapo ulipo! Iko kwenye kamati ya shule. Iko kwenye bodi ya maji. Iko kwenye chama cha ushirika ambacho mwenyekiti wake anaogopa kukaguliwa.

Najua kingine kinachokufunga mdomo. Lugha. Unaogopa kusimama kwa sababu Kiingereza chako ni cha kuokoteza.

New York ya wakati ule ilikuwa na mtihani wa kusoma na kuandika Kiingereza kwa anayetaka kujiandikisha kupiga kura. Raia waliotoka Puerto Rico, wasomi kabisa kwa Kihispania, walikataliwa kama watu wasiojua kusoma. Chisholm aliupinga. Hoja yake ilikuwa wazi: mtu kuwa hodari zaidi katika lugha ya kwao si dalili ya ujinga. Na yeye mwenyewe alijifunza Kihispania, akawa akiwahutubia majirani zake kwa lugha yao.

Kwa hiyo nani kakwambia akili yako inapimwa kwa lugha ya mtu? Mabaraza ya madiwani Tanzania yanaendeshwa kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya 2010 imekiandika Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mlango uko wazi, na wewe umesimama nje unatafuta ufunguo.

Mwaka 1968 ramani za Brooklyn zilichorwa upya, likapatikana jimbo la uchaguzi la kwenda Bunge la Washington. Siku moja mlango wake ukagongwa. Mwanamke anayeishi kwa msaada wa serikali alikuwa amesimama pale na bahasha. Yeye na wenzake walikuwa wamechanga: dola 9 na senti 62. Akamwambia wanataka agombee. Chisholm alitokwa na machozi.

Hapo usinikatize. Najua unataka kusema: "Si unaona, naye aliitwa!" Ndiyo, aliitwa. Lakini aliitwa na nani, na lini? Aliitwa na maskini wa mtaani kwake, baada ya miaka 15 ya kuwagongea milango. Wenye chama hawakumwita hata hapo. Akapita kwenye mchujo wa ndani kwa tofauti ya kura zisizofika 1,000. Watu wako watakuita, naam. Watakuita wakikuona kazini. Hawawezi kumwita mtu aliyelala ndani!

Katikati ya kampeni akaugua, akafanyiwa upasuaji wa uvimbe. Mpinzani wake alikuwa James Farmer, shujaa wa haki za weusi anayejulikana nchi nzima, na kampeni yake ilipita mitaani na ngoma ikitangaza kwamba Washington inahitaji sauti ya mwanamume. Watu wakaanza kunong'ona, Shirley yuko wapi? Akatoka kitandani akiwa amekonda, dhaifu, akapanda gari la matangazo akawaambia yupo. Halafu akafanya hesabu wasiyoifanya wengine. Yule Holder aliyemshinda mwaka 1958 sasa alikuwa upande wake, na alikuwa amekagua daftari la wapiga kura: wanawake walikuwa zaidi ya mara mbili ya wanaume. Ndio walewale wa hafla na bahati nasibu. Ndio waliokuwa wakipamba visanduku.

Alishinda kwa zaidi ya kura mbili kwa moja. Mwanamke mweusi wa kwanza katika Bunge la Marekani, na kaulimbiu yake ilikuwa kwamba hanunuliki wala hana bosi.

Yaliyofuata ndiyo yanayosimuliwa zaidi, nami nitayapitia mbio. Washington wakamtupa kwenye kamati ya kilimo, yeye mtu wa jijini. Akagoma hadharani, wakambadilishia. Mwaka 1972 aligombea tiketi ya urais ya chama chake, akapata kura 152 za wajumbe. Mwaka 1974 alikuwa miongoni mwa waliohakikisha kima cha chini cha mshahara kinawafikia wafanyakazi wa ndani nchi nzima. Akastaafu ubunge mwaka 1983, akaenda kufundisha chuoni. Alifariki 1 Januari 2005, na mwaka 2015 taifa likampa, akiwa kaburini, nishani yake kubwa kuliko zote za kiraia.

Watu hupenda kuanzia kwenye ule mwaka wa 1972, mwanamke na ndoto ya Ikulu. Mimi nasema wanaanzia mwisho. Ile miaka ya Albany ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu inaninyang'anya kila kisingizio. Urais ni wa mmoja. Kiti cha kata kiko umbali wa matembezi kutoka mlangoni kwako. Na kumbuka umri wake alipochaguliwa mara ya kwanza: alikuwa na miaka 39, wiki chache kabla ya kutimiza 40. Wewe una 27 unasema bado mapema. Wewe una 45 unasema umechelewa. Mkutane wapi, nyinyi wawili, mkubaliane ni umri gani unaofaa?

Muda haukungoji. Kila mwezi unaokaa kimya kuna bajeti inapitishwa, na dawa ambazo hazikununuliwa zilikuwa za mama yako.

Basi tuache maneno. Wiki hii.

Ukiwa Tanzania kijijini, mkutano mkuu wa kijiji ni haki yako ukishatimiza miaka 18, na sheria inataka uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Uliza wa mwisho ulikuwa lini. Kama haukuitishwa, hilo ndilo swali lako la kwanza. Ukiwa Kenya, katiba inataka wananchi washirikishwe kabla bajeti ya kaunti haijapita. Nenda kwenye kikao hicho, na usiende kula mandazi. Omba nakala. Isome usiku, ukiwa na kalamu, mpaka uijue kuliko aliyeiandika. Nenda na wenzako wawili ili sauti isiwe moja. Kaeni mstari wa mbele.

Mwenyekiti akisema "kama hakuna swali tufunge kikao," nyosha mkono. Taja jina lako kamili, taja mtaa wako, uliza zimeingia shilingi ngapi, zimetoka ngapi, na nani alitia saini.

Wakikwambia kaa chini, uliza tena.